Maji Yasipite Plasta

Jumatatu, 8 Juni

Dada yangu, nisamehe. Daftari hili uliliweka mwenyewe kwenye mfuko wa nepi, ukasema niandike kila siku hata mstari mmoja, kwa sababu kwenye simu nakudanganya kwamba tuko salama. Leo ni siku ya nane tangu tulazwe na ndiyo kwanza nalifungua. Si uvivu. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Mafua Tonge aliyapata kwa kaka yake. Mkubwa alipiga chafya siku mbili, ya tatu akarudi kucheza. Tonge na miezi yake minne, yakamshukia kifuani. Akaacha kunyonya. Nikamvua kishati nikaona mbavu: kila akivuta pumzi ngozi inazama katikati, kama kuna mtu ndani anaifinya. Kichwa kinaitikia kila pumzi. Analia lakini sauti haitoki.

Langoni tulikuta watu wamebanana, kila mmoja na mtoto wake anayekoroma hivyo hivyo. Mwanaume mmoja akamkaba mlinzi shingo. Mlinzi akampiga rungu la sikio, na damu ikaruka mpaka kwenye blanketi la Tonge. Nikapita chini ya mikono yao. Nilikanyaga mtu, Dada, nikasikia akilia, sikugeuka kumwangalia.

Daktari alisema ni kirusi, na dawa ya kukiua hakuna. Kazi ni kumsaidia apumue mpaka mwili wake wenyewe ukishinde. Akamwekea chupa.

Nikueleze chupa, maana humu ndani ndiyo kila kitu. Kuna mashine ya oksijeni, sanduku la magurudumu linalonguruma kutwa. Mpira unatoka hapo unaingia puani kwa vijibomba viwili laini. Mpira wa pili unatoka puani unashuka hadi kwenye chupa ya maji, ncha yake imezama sentimita sita. Hewa inajilazimisha kupita majini, inabwabwaja mapovu, na uzito wa yale maji ndio unaosukuma mapafu ya mtoto yasijifunge. Maji yakizidi, msukumo unazidi. Yakipungua, unapungua. Sista amezungushia chupa plasta nyekundu pale maji yanapotakiwa kuishia.

"Yakishuka chini ya plasta, niite," aliniambia. "Yakipita juu ya plasta, niite huku unakimbia. Mapovu yakinyamaza, piga kelele mpaka paa liondoke. Lakini mkono wa mama usiguse chupa. Hata awe mke wa daktari."

Mipira inashikiliwa na kofia ya uzi yenye vitanzi viwili masikioni. Kofia ni chache, akitoka mtoto inafuliwa anavishwa mwingine. Chupa ni mbili tu. Watoto ni kumi na wanne.

Mama mkwe anakuja kila asubuhi na flaski yake ya maji ya moto. Baba Tonge yuko machimbo ya kokoto, na mkubwa yuko kwa jirani.

Jumanne, 9 Juni

Mvua. Mapovu yanabwabwaja. Nimekamua maziwa, amepewa kwa mpira.

Jumatano, 10 Juni

Mvua. Vilevile.

Alhamisi, 11 Juni

Chupa ya pili ilibaki wazi kwa muda wa kufua kofia tu. Ameletwa Mama Pacha na watoto wake wawili wa kiume, wa miezi mitatu, wamebanwa wote. Amechaguliwa mkubwa, maana ndiye aliyekuwa amezidiwa. Amevishwa kofia ya bluu, akafungwa chupa. Mdogo amewekewa oksijeni ya kawaida puani, bila chupa.

Mume wake ni fundi wa kuchomelea vyuma, mikono ina makovu ya moto hadi kwenye viwiko. Kutwa nzima anamfuata Sista. "Niambie inakosekana nini, nitaichomelea mimi!" Sista anamjibu, "Baba, si chuma. Ni vijibomba vya pua na mpira. Nimeagiza."

Ijumaa, 12 Juni

Jicho limevimba, mwandiko utausamehe.

Asubuhi pacha mdogo alianza kuchoka. Kule kuchoka kwenyewe, Dada, si kwa usingizi. Anavuta, anavuta, halafu anasahau kuvuta. Sista akawa anampulizia kwa mfuko wa mkono. Baba Pacha akasimama katikati ya wodi akaanza kuhesabu vitanda kwa kidole. Kidole kikaishia kwetu.

"Huyu ana siku ngapi?"

Mama wa kitanda cha pili, mdomo wake haujui kukaa, akasema, "Kumi na mbili."

"Kumi na mbili! Basi zamu yake imeisha. Ashuke."

"Baba, hii si bembea," Sista alimwambia bila kuacha kupuliza.

Alimsukuma. Sista akaenda na mgongo kwenye kabati la dawa, vioo vikamwagika. Baba Pacha akashika mpira wa Tonge, akauvuta, na kichwa cha mwanangu kikainuka pamoja na mpira.

Nilimng'ata. Kwenye kifundo cha mkono, mpaka meno yakakutana na kitu kigumu. Alinipiga ngumi ya jicho, sikuachia. Akanipiga ya pili, sikuachia. Mke wake alikuwa anapiga kelele, "Mwache, Baba Pacha! Mwache mtoto wa watu!" Walinzi wawili wakamburuta kwa mkanda wa suruali, akawa anapiga mateke vitanda mpaka mlangoni.

Mapovu ya Tonge hayakunyamaza. Nilitazama chupa kwanza kabla ya kutazama kitu kingine chochote.

Pacha mdogo alikufa saa tatu na robo. Nilikuwa bado sijafuta damu ya baba yake mdomoni.

Jumamosi, 13 Juni

Jicho halifunguki. Tonge vilevile.

Jumapili, 14 Juni

Baba Tonge amekuja. Ameniona uso, akauliza huyo fundi anakaa wapi. Nikamwambia amekaa polisi, na wewe kaa hapo kwenye kiti ushike mguu wa mwanao. Akakaa.

Askari naye akaja kuchukua maelezo. Nikamwambia, "Andika alinipiga. Halafu andika nilimng'ata."

"Mama, hilo la kung'ata linakuharibia."

"Andika vyote viwili."

Jumatatu, 15 Juni

Mama Pacha amerudi kutoka kuzika, amekaa kwa pacha mkubwa. Hajalia mbele yetu. Ila anaitazama chupa yetu. Anaitazama ya kwake, halafu anarudi kwenye yetu.

Mama mkwe akaninong'oneza, "Mwone anavyoikodolea macho. Amezika wake kwa sababu wewe hukuachia. Usimpe mgongo huyo."

Nikamwambia aache maneno. Lakini yameshaingia.

Jumanne, 16 Juni

Nakuandikia nikiwa sakafuni kando ya kitanda. Nitaandika yote hata kama usiku utakapoyasoma hutalala.

Nilikuwa sijaoga siku tatu. Mama mkwe alipofika nikamwambia, "Mama, niangalizie." Nikaenda bafuni. Sijamaliza hata sabuni ya kichwa nikasikia sauti ya mwanamke, "Sista! Sistaaa!"

Nilikimbia na povu kichwani. Mama mkwe hayupo. Aliyekuwepo ni Mama Pacha, ameinama juu ya kitanda chetu, mkono wake ndani ya chupa yetu. Amekamata mpira.

Nilimrusha. Sijui nilimshika wapi, ila aliangukia chini ya kitanda cha pili. Tonge alikuwa rangi ya majivu. Upande wa kulia wa kifua umeumuka kama unga, umesimama, haupandi haushuki. Upande wa kushoto unapigana peke yake. Sista akaweka kipimo cha masikio, akaita jina la daktari mara moja tu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Maji kwenye chupa yalikuwa juu ya plasta vidole vinne.

"Msukumo umepasua pafu," daktari akasema huku anararua pakiti. "Hewa imevujia kifuani, inalibana. Shika miguu, mama. Usiangalie."

Niliangalia. Alichoma sindano kati ya mbavu za mwanangu, nene kuliko ile ya kushonea magunia, na hewa ikatoka ssss, kama umebonyeza tairi la baiskeli. Kisha akachana kidogo kwa kisu, akaingiza mpira ubavuni, akausukuma kwa kidole. Tonge alifungua mdomo wote akalia bila sauti, miguu ikanipiga kifuani. Niliibana. Mimi mama yake ndiye niliyembana achanwe.

Rangi ikaanza kurudi. Midomo kwanza.

"Nani ameongeza maji?" daktari akauliza.

Mama wa kitanda cha pili akasema, "Si amekutwa mkono ukiwa ndani?"

Daktari akasema hayo baadaye, kazi kwanza. Akaamuru chupa irudi na maji ya sentimita tano. Mama Pacha alikuwa ameshatoka. Nikamfuata.

Nilimkuta kwenye karo la kufulia, ananawa. Nilishika kitambaa chake cha kichwa kwa nyuma, kikachanika, nikashika nywele. Akasema, "Nilikuwa navuta mpira..." Sikumwacha amalize. Nilimgongesha mdomo kwenye ukingo wa karo. Mara mbili. Ya pili nilisikia jino. Hakunirudishia hata kofi. Alitema damu kwenye maji ya nepi akaniangalia, na mimi nikaona raha, Dada. Nakuandikia ukweli, niliona raha mpaka magotini.

Mama mkwe aliporudi na flaski yake nimemwambia tu kwamba yule mwanamke ameshika chupa na Tonge nusura afe. Akasema, "Sikukwambia?"

Jumatano, 17 Juni

Sista ameniita pembeni, mgongo bado umemkaza toka siku ya kabati. "Ukimgusa tena mzazi wodini kwangu, unatoka, mtoto anabaki na bibi yake. Mimi sina wodi ya ngumi." Nikasema sawa, Sista.

Tonge amepumua kutwa nzima.

Alhamisi, 18 Juni

Mvua. Mama Pacha anakunywa uji kwa upande mmoja wa mdomo. Sitaki kumwonea huruma.

Ijumaa, 19 Juni

Leo nilijilaza chini kati ya vitanda viwili, macho nimefumba lakini sijalala. Nikaona miguu ya Mama mkwe inakuja. Nikasikia kifuniko cha flaski kinazunguka, halafu mlio wa maji yanayomiminika. Nikadhani anaweka chai. Nikafumbua macho. Alikuwa amefungua chupa ya Tonge.

Nilimdaka mkono. "Mama! Unafanya nini?"

"Punguza sauti, utamwamsha. Nakiongezea maji. Chombo kinachemka mchana kutwa hiki, hakuna anayekijali. Kikikauka si kitaungua na mpira wake?"

"Hakichemki, Mama. Ni hewa hiyo. Umeongeza toka lini?"

"Kila nikija, kidogo kidogo. Ila Jumanne nilikuta yameshuka sana, nikatia kikombe kizima, nikaenda kuosha flaski. Maji yamechemshwa, masafi. Mimi nimelea wanane, mwanangu, siwezi kutia maji machafu."

Sista alikuwa amesimama nyuma yetu. Akaweka kiganja usoni. Kumbe siku zote hizo akiyakuta yamezidi kidogo alikuwa anayapunguza, akidhani ni mwenzake wa zamu aliyekosea kipimo.

Nilichukua flaski nikaipiga ukutani. Ililipuka, vioo na maji ya moto vikatumwagikia wote. Mkono wangu ukapanda. Juu ya mama wa mume wangu, Dada, ulikuwa umeshapanda. Yeye hakukinga uso. Alikuwa anatazama ile plasta nyekundu, na mimi nikaona inavyomwingia taratibu.

"Mimi?" akasema. "Ni mimi niliyempasua?"

Ningeweza kusema hapana. "Ni wewe, Mama."

Akakaa chini, kwenye vioo. Nikashusha mkono, nikapiga magoti, nikaanza kumtoa vipande kimoja kimoja kwenye kisigino kwa kucha. Alikuwa analia kama mtoto aliyepigwa na asiyejua amekosa nini. Nilimwambia, "Tulia, kipo kingine."

Kisha ndipo yakanijia yale maneno. *Nilikuwa navuta mpira.*

Jumamosi, 20 Juni

Nilimsubiri Mama Pacha pale pale karoni.

"Umekuja kumalizia?" akaniuliza. Pengo linapiga mluzi akisema.

"Alikuwa Mama mkwe. Alidhani inachemka."

Akaendelea kusugua nepi.

"Wewe ulikuwa unafanya nini na chupa yangu?"

"Nilitazama nikaona plasta imezama. Sista hayupo, mtoto anageuka rangi. Nikasema nikiunyanyua ule mpira ncha ikaribie juu, msukumo utapungua. Nikauinua huku naita." Akakamua nepi. "Ulidhani naitazama chupa yako kwa nini? Nilikuwa nalinganisha. Nilishaona mtu akifa kwa kukosa hiyo chupa, nikajifunza kuisoma."

Nikamwambia, "Nipige."

Hakuniuliza mara mbili. Alinipiga kofi la nepi mbichi, halafu la mkono mtupu, halafu ngumi ya mdomo, na hiyo ngumi haikuwa yangu peke yangu, ilikuwa ya kila mtu. Nilikaa. Ilipofika ya nne mkono wake ukakosa nguvu, akanishika nguo ya kifuani akaning'inia hapo.

"Mdogo tumemzika kichwa wazi," akasema. "Hakuwahi kupata kofia kwa sababu hakuwahi kupata chupa. Kichwa kilikuwa baridi, Mama Tonge. Nilikiziba kwa kiganja mpaka wakaniambia toa mkono."

Jumapili, 21 Juni

Nimekwenda kwa daktari, nikamwambia mbele ya wodi nzima kwamba Mama Pacha ndiye aliyemwokoa Tonge na mimi ndiye niliyemvunja jino.

Jumatano, 24 Juni

Mpira wa ubavuni umetolewa. Amelia, na safari hii sauti imetoka! Mbaya, ya kukwaruza, kama bawaba ya mlango. Wodi nzima imecheka.

Jumamosi, 27 Juni

Tonge ameshushwa chupa. Anapumua na oksijeni ndogo ya puani tu. Kofia yake ilifuliwa saa nne, saa sita ilikuwa kichwani kwa mwingine. Nimemsikia mama wa huyo mwingine akiuliza, "Mbona inachemka?" Kabla Sista hajafungua mdomo, Mama mkwe akainuka na kisigino chake kilichofungwa bandeji. "Haichemki. Kaa nikueleze. Unaona hii plasta nyekundu?"

Jumapili, 5 Julai

Mvua imekatika siku tatu sasa, lakini watoto bado wanaletwa. Pacha mkubwa yuko kwenye chupa bado, anapunguziwa polepole. Tonge ananyonya, anasinzia, ananyonya. Daktari anataka tukae wiki moja zaidi aone pafu.

Baba Pacha ameachiwa. Mlinzi hamruhusu kupita lango, na sikumwombea aruhusiwe. Nilimkuta nje ya nondo ameshika vizimba viwili vya vyuma alivyochomelea mwenyewe, chupa inaingia ndani, mdomo unafungwa kwa kufuli dogo, mbele pako wazi ili plasta ionekane. Akavipitisha juu ya lango. Kifundo cha mkono kina alama ya meno yangu yote ya juu.

"Funguo abaki nazo Sista," akasema. "Wa kwako yukoje?"

"Anapumua."

Akaitikia kwa kichwa akaondoka. Sista amevijaribu, vinatosha.

Baba Tonge anakuja kwako Jumanne, ndiye atakayekuletea daftari hili. Wewe una mashine ya kufumia na mkono mwepesi, kwa hiyo mpe vitu hivi, na usiongeze vingine maana hatuna pa kuviweka:

Kofia sita za uzi zenye vitanzi viwili masikioni. Mbili za sentimita thelathini na nane kuzunguka kichwa, mbili za arobaini, mbili za arobaini na mbili. Kitanzi kipitishe kidole chako kidogo, kisizidi.

Pini za nepi, dazeni mbili, zile zenye kichwa cha plastiki.

Plasta nyekundu, roli tatu. Nyekundu tu. Nyeupe Mama mkwe haioni.

Rula moja ya sentimita thelathini, ya Mama mkwe. Ameomba ya kwake.

Flaski usilete.

Kitambaa cha kichwa kimoja, cha kijani kilichokoza, chenye ukingo wa njano. Kisipopatikana hicho, uliza tena kabla ya kununua kingine, maana nilichokichana ndicho ninachotaka kurudisha.

Na kofia moja ya bluu, rangi ile ile ya aliyovishwa pacha mkubwa, sentimita thelathini na saba, ya kumpa Mama Pacha. Hiyo usiitie vitanzi.